Siki ya Mwera

"Hiki nini hiki?"

Bertha alikuwa amechuchumaa uani, beseni la pili la choo cha paka limemkalia mapajani, kumbi la nazi mkononi, magadi yamemfika viwikoni. Hakuinua kichwa upesi. Magadi hayangoji mtu. Ukiyaacha yakakauka kabla hujasugua, mkojo wa paka hushika gamba, na gamba la mkojo wa paka halitoki hata kwa patasi.

"Mama Noa, nakuuliza wewe. Hiki nini?"

Hapo akainua. Asmahani, mke wa mwenye nyumba, alikuwa amesimama mlangoni pa stoo na galoni ya manjano, kifuniko mkono wa pili, pua ameikunja.

"Siki, mama. Ya kuoshea haya mabeseni."

"Siki?" Akanusa tena, akaisukuma galoni mbali na uso. "Siki gani inanuka kilabu? Hili ni tembo! Umeniletea pombe ndani ya nyumba yangu, wewe mwanamke?"

Wewe mwanamke. Miaka minne ilikuwa shikamoo Mama Noa, umeamkaje Mama Noa. Kumbe heshima yote ile ilikuwa imeezekwa kwa nyasi, cheche moja tu ikaisha.

Wala harufu ile haikuwa uongo. Siki ile ilitoka kwa shemeji yake Castory, mgema wa Mwera. Tembo la mnazi lisilopata mnywaji hutiwa galonini, mdomo ukafungwa kitambaa, likaachwa gizani siku arobaini ligeuke lenyewe. Likishageuka, hata mlevi wa kuokotwa njiani hulitema. Lakini galoni hii ilikuwa na siku kumi na moja tu. Ile iliyoiva ilikwenda wapi? Bi Sabra, mavyaa wa Asmahani, mama wa mumewe, aliibeba jana nzima nzima, akaimiminia maembe yake ya achari ya arusi. "Wewe tumia hiyo changa, Mama Noa," alisema akicheka. "Paka hawajui kuhesabu siku."

Na hao paka! Watatu, manyoya kama pamba ya mto, walikuja na Asmahani kutoka Maskati. Mwanzoni Asmahani aliosha mabeseni yao kwa dawa ya dukani yenye harufu ya waridi. Paka wakanusa, wakageuka, wakatafuta mahali pasiponuka waridi. Wakapaona. Mswala wa Bi Sabra. Mara tatu wiki moja, na alfajiri ya tatu yule mama mtu mzima alikaa kitako juu ya sakafu akalia, maana udhu anao na pa kusujudia hana.

Ndipo Bertha aliposema, "Nipeni wiki moja." Akachekecha majivu ya mkaa, akayatandaza chini ya beseni, juu yake mchanga mkavu. Kila siku ya pili humwaga vyote, husugua kwa magadi, husuuza, kisha ndipo siki, kisha jua. Magadi peke yake, siki peke yake. Ukivitia pamoja, vitapigana vyenyewe kwa povu jingi la kupendeza macho, na uchafu utabaki pale pale ukikucheka. Tangu siku hiyo mswala haujalowa.

Leo shukrani yake ndiyo hii.

"Kuna nini huko?" Kichwa kilichomoza juu ya ukuta. Alikuwa Ritha, mfanyakazi wa nyumba ya pili. Wanasali kanisa moja na Bertha, jumuiya moja kule Pongwe, na Ritha akipewa neno Alhamisi, Jumapili limeshafika madhabahuni.

"Njoo uone!" Asmahani akapaza sauti. "Mfanyakazi wangu mlevi! Ndiyo maana macho mekundu kila siku, mimi nikidhani ni moshi!"

Mlevi.

Bertha alilaza kumbi chini. Mumewe, Abrahamu, mkata mkonge mwenye mikono ya kung'oa kisiki, aliokotwa asubuhi kwenye mtaro wa Pongwe, uso chini, ndani ya maji yasiyofika kifundo cha mguu. Watu walisema amekufa maji. Bertha alijua amekufa nini. Tangu siku ile, miaka ishirini na sita, hata divai ya meza ya Bwana huigusisha mdomo tu, kisha akaifuta kwa upande wa khanga. Wasichana wakiposwa kule kwao, yeye ndiye huitwa kuwaambia: mwanangu, mnuse mwanamume kabla hujampa mkono.

Akasimama. Magoti yakalia.

"Bi Asmahani. Niite mchafu, mikono yangu imo mavini. Niite mzee, kweli nimezeeka. Hilo neno jingine lirudishe."

"Nisiporudisha?"

"Muulize mama yako huyo."

Bi Sabra alikuwa ametoka jikoni, tasbihi mkononi, vidole vimekolea manjano ya bizari. Ngamiani nzima inaijua achari yake. Wakimuuliza siri, hujibu bila kupepesa: "Ndimu za Amani, jua, na mkono wangu." Siki hajawahi kuitaja. Na ni yeye, yeye mwenyewe, aliyemwambia Bertha mwaka ule wa kwanza, wameketi hapa hapa uani, kwamba tembo likigeuka lenyewe bila kutiwa kitu ni halali, alisoma chuoni kwa babake. "Niletee, Mama Noa. Ila iwe yetu wawili."

Ikawa yao wawili. Sasa wako wanne, mmoja juu ya ukuta.

"Mama," Asmahani akasema, "unajua habari ya galoni hii?"

Punje moja ya tasbihi ikapita. Ya pili ikapita. Bertha alimtazama usoni, akangoja kama mtu anavyongoja ndoo ipande kisimani.

"Mambo ya paka mimi siyajui, mwanangu," Bi Sabra akasema.

"Siku arobaini, Bi Sabra," Bertha akasema taratibu. "Tulihesabu pamoja."

"Anasema nini huyu?" Asmahani akamwuliza mavyaa.

"Hata sijui."

Maneno yalimjaa Bertha kinywani, makali, yakamkereketa fizi. Kuyasema angeyasema. Lakini nani atamsadiki mlevi mbele ya Bi Sabra mwenye tasbihi? Akayameza, nayo yakashuka yakichoma.

"Mwaga hilo tembo," Asmahani akasema. "Uoshe stoo mara saba, kisha uondoke."

"Kuondoka nitaondoka. Stoo sioshi." Akamnyang'anya galoni, si kwa nguvu, ila Asmahani aliiachia. "Mabeseni namaliza. Kazi yangu haiachwi na gamba."

Akamgeukia Ritha. "Nawe! Unakwenda wapi? Njoo karibu." Akaufuata ukuta, akaparamia tofali, akauleta uso wake karibu na wa yule mwanamke, akamhemea, "Haaa! Nusa. Nusa vizuri, Ritha. Unasikia nini?"

"Mama Noa, mimi sikuse..."

"Unasikia nini, nimekuuliza!"

"Muhogo," Ritha akasema kwa sauti ndogo.

"Basi Jumapili uwaambie muhogo."

Kichwa kikazama.

Bertha akarudi kwenye mabeseni. Akasugua la tatu mpaka plastiki ikalia. Akasuuza. Akamimina siki changa, beseni baada ya beseni, mpaka tone la mwisho, na harufu ya tembo ikatanda uani hata kunguru wakahama paa. Asmahani akaziba pua, akaingia ndani. Bertha akayaegemeza mabeseni ukutani, mdomo juani, akaketi mbele yake. Waliposema ondoka, akayageuza upande wa pili. Adhana ya adhuhuri ikalia, watu wakasali, kwenye mswala mkavu, yeye ameketi. Yalipokauka akatandaza majivu, akatandaza mchanga, akausawazisha kwa kiganja kama anayetandika kitanda cha mzazi. Paka mmoja akaja, akanusa, akaingia, akachakura.

Akajifunga khanga, akachukua galoni yake tupu na kumbi lake.

Njia ya kutokea hupita chini ya dirisha la chumba cha kulia. Chakula kilikuwa kimetandazwa, wali wa nazi na changu wa kukaanga, na katikati chupa kubwa ya achari, mdomo wazi, imenawiri.

"Mashallah, mama," sauti ya Asmahani ikasema. "Ya safari hii kali kuliko zote. Umeitia nini?"

Bertha akasimama. Kati yake na meza palikuwa na nondo za dirisha tu.

Bi Sabra aliinua macho, akamwona. Kisha mkono wa yule mama ukanyooka polepole, ukaufunika mdomo wa chupa kwa kiganja, ukatulia hapo.

Kijiko cha Asmahani kilikuwa kimeshafika kinywani.