Mke Wangu Hakuoshwa

Mke wangu Aurelia alizikwa bila kuoshwa, na aliyezuia bado anakula mshahara wa serikali. Naanza na hilo lisije likasahaulika.

Uvimbe wake ulikuwa ndani ya pafu, umeng'ang'ania karibu na mshipa mkubwa. Madaktari wa Dar walisema kisu hakifiki pale. Wakampitishia mrija mwembamba puani hadi kifuani, humo wakaingiza waya wenye mionzi kwenye ncha, ukauunguza uvimbe kwa muda mfupi, wakautoa. Walirudia, kisha akaruhusiwa. Alirudi Ifakara anapumua, akavuna mpunga na wenzake. Wanawake walipomuuliza kama ana moto kifuani, aliwajibu, "Moto wa watu nimewaachia hukohuko. Mnadhani wangenipa bure?"

Uvimbe ulirudi. Masika yaliyofuata alikata roho nyumbani.

Kwetu ndugu hawamwoshi maiti. Watani ndio wanaoosha, wanachimba kaburi, na kufanya mizaha ili wafiwa wasizimie kwa uchungu. Levina, mtani wetu wa Lupiro, alivuka daraja asubuhi ileile, akaingia uani na ndoo, anamsema marehemu: kwamba siku zote alikuwa mvivu wa kuoga, leo atasuguliwa mpaka mumewe asimjue. Watu wakacheka. Hata mimi nikacheka.

Ndipo akafika kwa pikipiki Anold, bwana afya wetu, kampakia mgambo nyuma. Kasikia marehemu alitiwa mionzi. Akasema asiguswe, wala maji yake yasimwagwe, yatafika kisimani. Nikamweleza kwamba waya ulitolewa. Nikampigia nesi wa Dar, nikampa Anold simu. Nesi akamwambia hakuna kilichobaki mwilini. Anold akanirudishia simu, akasema yeye hapokei maelekezo kwa simu ya mtu.

"Mzee Dionisi, mimi nalinda watu."

"Na huyu ndani ni nini?"

Akavaa glovu, yeye na mgambo wake wakamviringisha mke wangu kwenye plastiki pamoja na gauni alilofia. Nilimtazama Levina. Ameshatua ndoo.

"Mtani, nina watoto," alisema. Hakutania tena siku ile.

Toka hapo Aurelia hajatulia. Mchana jua likiwa kali, watu wako mashambani, nasikia kikohozi chake nyuma ya nyumba, kwenye uzio wa matete tuliokuwa tunaogea. Ni kikohozi kile cha kabla ya Dar, kikavu, kama mtu anayebisha hodi na hafunguliwi. Nikienda, hakuna mtu. Siyo masikio yangu peke yangu. Nyamizi, mama wa Kisukuma anayeniletea maziwa, siku hizi hafiki uani. Ananiita akiwa barabarani.

Mpunga ulipokwisha kuvunwa Anold akaja tena, safari hii kwa miguu. Akaniamkia shikamoo. Kumbe kawauliza wakubwa zake, wakamwambia maiti ile haikuwa na hatari yoyote. Akasema amekosea, akanipa pole. Nikamwambia basi tumfukue aoshwe, tumlaze kama mtu. Akasema kufukua maiti kunahitaji kibali, na kibali hakitolewi kwa sababu kama hiyo.

Kumvika plastiki hakukuhitaji kibali.

Nilimwita Levina. Alikuja, akamwaga maji juu ya kaburi, akajaribu mizaha. "Wewe mvivu, geuka basi nikusugue mgongo." Akaishia hapo, akaokota ndoo yake. Akaondoka bila kunywa hata chai.

Sasa ninachoweza ndicho ninachofanya. Kila mchana naweka beseni la maji kwenye uzio, kitenge safi, na kipande cha sabuni juu ya jiwe. Nakaa mbele ya nyumba. Kikohozi kinaanza, halafu nasikia maji yakitikisika.

Jioni naenda kuangalia. Maji yamepungua, chini pamelowa. Sabuni ni kavu. Maiti hajisugui mwenyewe. Anangoja mikono ya watu, na waliokuwa nayo wamekatazwa.