Kufagia Nyayo za Tasnim

Swabra, mwalimu wa darasa la tatu, alishawaambia watu wote wa shule: darasa hilo lisifagiwe. Aliwaambia kwa upole, akawaambia kwa ukali, na Sheikhan, mwalimu mkuu, Swabra alimwambia uso kwa uso ili asije akasema hakusikia. Alfajiri ile binti yake Tasnim alitoka humo darasani, walimokuwa wakilala tangu wakimbie kisiwa cha Koyama, akapanda boti ya kwenda Mombasa. Na kwa Wabajuni mchu, yaani mtu, akisafiri, nyuma yake hakufagiwi mpaka ije habari kwamba amefika. Ukifagia, umefagia na nyayo zake, na mwenyewe harudi tena. Hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua.

Na safari yenyewe si ya matembezi. Kamanda mmoja pale Kismayo, mzee mzima mwenye ndevu za hina na wake nyumbani, alituma watu kuwa anamtaka Tasnim. Mtoto ana miaka kumi na sita! Wakaja vijana na bunduki zao, wakakalia madawati ya watoto, wakanywa chai ya Swabra, wakasema watarudi Ijumaa kumchukua. Eti hiyo ndiyo posa. Posa gani ya mtutu? Swabra akamtoa mwanawe na mjomba wake Bakri, akalitia darasa kufuli, akawasomesha wanafunzi nje, kivulini pa ukuta.

Saa nne gari la shirika la misaada likaingia. Akashuka Tariq, kijana wa Kibajuni aliyezaliwa kambini Kenya na kukulia Ulaya, amevaa fulana ya mradi, na nyuma yake mpiga picha. Walileta roboti ya kufagia: kidude cheusi, cha duara, kinachojiendesha sakafuni na kufyonza vumbi. Paa linavuja, wasichana hawana choo, na wafadhili wanaleta ufagio unaotaka chaji! Swabra hakuwa na hamu ya kutazama. Alikwenda dukani barabarani, ambako simu hushika, asikie kama boti imefika. Haikuwa imefika.

Aliporudi alikuta watoto wamejazana dirishani wakicheka, "Kobe! Kobe!" Kufuli limefunguliwa. Madarasa mengine yote ni mchanga mtupu; la tatu peke yake ndilo lenye sakafu ya saruji, basi Sheikhan alichukua ufunguo wa akiba akawafungulia wageni wapige picha zao. Na kile kidude kilikuwa kinanguruma mlangoni, pale pale Tasnim alipokanyaga na miguu yenye maji ya udhu. Nyayo alizoziona Swabra asubuhi hazipo tena.

Aliinyanyua mashine kwa mikono miwili, magurudumu yakizunguka hewani.

"Nani kafungua?"

Sheikhan alitazama ndara zake. "Mama Tasnim, kidogo tu. Wageni hawa."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone! Nimepona nini mimi, Sheikhan? Nimepona nini?"

Tariq akatabasamu, jamaa, tabasamu la kumtuliza mgonjwa. "Shangazi, niwie radhi. Lakini hizo ni itikadi tu. Ufagio haumzuii mtu kurudi kwao."

"Haumzuii? Haya, mama yako alitoka kisiwani Fuma mwaka wa vita. Mbona hajarudi? Kazuiwa na nini?"

Tabasamu likaondoka. "Na watu wenye bunduki," alisema Tariq polepole.

"Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na wewe hujazaa. Toka darasani mwangu!"

Walitoka. Mashine waliiacha, kwani ilishaandikwa kuwa ni mali ya shule. Swabra alirudisha kufuli, na ufunguo wa akiba akauchukua yeye. Nusu ya sakafu ilikuwa safi, nusu ina vumbi, na kila alipochungulia dirishani hasira zilimpanda upya. Alimlaani Sheikhan, akawalaani wafadhili, akailaani hata ile fulana.

Ijumaa vijana wa kamanda walikuja kama walivyoahidi. Swabra aliwaambia msichana amesafiri. Alidhani watampiga. Hawakumpiga, mkubwa wao alicheka.

"Atarudi," alisema. "Wasichana huwakumbuka mama zao. Sisi tupo, hatuna haraka."

Walipokwisha kwenda alikimbilia dukani. Hata hajakaa, simu ikalia.

"Mama! Tumefika. Niko kwa Bi Mdogo Shamsa, nimekula, nimeoga."

"Alhamdulillahi, mwanangu. Alhamdulillahi." Alilia mbele ya wanunuzi wa sukari bila haya.

"Mama, hamkufagia, sivyo? Nawajua watu wa shule hiyo. Nataka nirudi, mama. Hata mwezi ujao, wakishasahau. Nitajificha ndani, sitoki."

Swabra alifumba macho. Aliisikia ile sauti, sisi tupo, hatuna haraka, na zile hasira alizowamwagia Sheikhan na Tariq zikapata mwenyewe hasa. Washenzi wale! Wamemfikisha mama mahali pa kuogopa mwanawe asirudi.

"Nimefagia," alisema.

"Mama?"

"Nimefagia mimi, Tasnim, kwa mkono wangu. Mlangoni mpaka pembeni. Umesikia? Usirudi."

Upande wa pili mtoto alianza kulia, na Swabra akakata simu kabla hajamjibu vingine. Alirudi shuleni mbio, akafungua kufuli, akaiweka mashine sakafuni, akaibonyeza, akasimama pale pale mpaka ilipomaliza chumba chote, asije akawa amemdanganya mwanawe.