Mkia Uliojichezea

Tangu ndege yake ya rimoti nusura imwue mtu, Mwalimu Ludovick hakuwa akilala usingizi wa kushiba. Aliiunda mwenyewe kwa mbao nyepesi, mwaka ule wa tisini na tatu. Mtambo wa kuiongoza ulitoka Dar es Salaam, ambako maduka yalikuwa yameanza kufurika vitu vya nje. Alipoirusha mara ya kwanza kwenye uwanda nyuma ya mtaa wa Kizota, ilipaa vizuri. Alipotaka kuigeuza, haikumsikia. Mkia ulicheza wenyewe kama wa mbuzi anayefukuza nzi, ndege ikainama, ikamwelekea mama aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni kichwani. Mama alijitupa chini. Ndege ikampita juu, ikajibamiza kwenye kichuguu.

Ludovick alimwokotea kuni zake, akaomba radhi mpaka maneno yakamwishia.

Bawa lililovunjika aliliunga. Ugonjwa wenyewe ndio hakuujua, na mkuu wa shule, Mzee Ambokile, alikwisha kutangaza maonyesho ya sayansi.

"Afisa elimu mwenyewe anakuja, Mwalimu. Ndege ndiyo wanayoisubiri."

"Sawa, Mkuu," Ludovick alijibu, moyo ukisema lingine.

Jioni moja alikaa barazani na mkewe, Restuta. Alipima betri ya ndege kwa mita ya umeme. Mshale wa mita ukasimama pale pale unapotakiwa.

"Sasa shika mkia, Mama Brightness. Uzuie usigeuke."

Restuta aliushika. Ludovick akasukuma kijiti cha rimoti. Mota ndogo ya mkia ikakoroma kwa kushindana na vidole vyake. Mshale ukaporomoka.

"Si betri hiyo imechoka?" Restuta aliuliza.

Naye alidhani hivyo. Alifunga betri nyingine, mpya kabisa. Mshale ukaporomoka vile vile. Ndipo alipounganisha waya moja kwa moja bila kupitia swichi ya kuwashia, na safari hii mshale haukuyumba. Aliipasua swichi hiyo, aliyokuwa ameing'oa kwenye redio kaseti kuukuu. Ndani ilikuwa nyeusi kwa kuungua, na vumbi limejaa.

"Umeme kidogo unapita," alisema. "Ukitakiwa mwingi, unakwama hapa kama watu kwenye mlango mwembamba."

"Basi ugonjwa umepatikana."

Ludovick alifunga swichi mpya, akajaribu tena na tena, kila kitu kikatii. Lakini hata siku ile ya mama wa kuni, kabla ya kupaa, kila kitu kilikuwa kimetii.

Siku ya maonyesho wanafunzi waliuzunguka uwanja, wageni wakakaa kivulini chini ya turubai. Wadogo walisogea mbele hadi karibu kabisa na njia ya kurukia. Ludovick aliwatazama.

"Tunakungoja wewe, Mwalimu," Mzee Ambokile alisema.

"Kwanza niijaribu hapa chini, injini ikinguruma."

Restuta alipiga magoti, akaikumbatia ndege kwa nyuma. Injini ikawaka. Ludovick akaipandisha kasi mpaka mwisho. Ndege nzima ikatetemeka mikononi mwa mkewe. Mkia kushoto, ukatii. Kulia, ukatii. Akaviachia vijiti.

"Baba Brightness!" Restuta alipaza sauti. "Mkia umeruka! Umegusa kitu?"

"Sijagusa!"

Ukaruka tena, naye akauona kwa macho yake. Alikimbia, akaubana mpira wa mafuta mpaka injini ikazimika.

"Hairuki leo, Mkuu."

Mzee Ambokile alimsogelea sikioni. "Unaniaibisha mbele ya wageni?"

"Afadhali aibu kuliko maiti, Mkuu."

Wanafunzi waliangua kicheko. Ludovick aliibeba ndege kwapani, akapita katikati yao akitazama chini.

Katika chumba cha walimu alivuta waya mmoja mmoja. Mmoja, utokao kwenye betri, ulilegea mno mkononi, ingawa ganda lake lilikuwa zima. Aliuchana kwa wembe. Shaba ilikuwa imekatika ndani, ncha zikigusana tu. Injini ikitetemeka, zinaachana.

"Ulikuwa hivi tangu mwanzo?" Restuta aliuliza.

"Labda. Au ulikatika ilipoanguka." Aliugeuza waya mkononi. "Hilo sitalijua kamwe."

Alibadilisha nyaya zote. Wiki iliyofuata, asubuhi, waliipeleka mbali, kwenye malisho matupu njia ya Kongwa, na Mzee Ambokile akaja bila kualikwa. Restuta aliishikilia ikinguruma mpaka mafuta yakaisha, mkia haukujichezea hata mara moja. Ndipo Ludovick akajaza mafuta, akairusha.

Iligeuka alipotaka, ikanyooka alipotaka. Hakufurahia, macho yalikuwa kwenye mkia tu. Aliizungusha juu ya nyasi kavu, akaishusha taratibu.

"Mbona mapema hivyo?" Mzee Ambokile alilalamika. "Ndiyo kwanza inanoga."

"Imetosha, Mkuu."

Alianza kuiendea ndege yake, akaishia njiani. Akakaa chini. Restuta alimshika mgongoni. Shati lilikuwa limelowa chapachapa.