Kisu cha Uyoga

Nilipoingia kwa Boele Zoroddu, mfua visu, nilikuwa na masikio mawili ya kondoo mfukoni mwa aproni, nimeyafunga kwenye kitambaa, na nilikuwa nimeshaamua. Nilitaka kisu kikubwa kuliko vyote alivyonavyo.

Boele alikuwa amekaa kwenye kigoda akisugua pembe ya kondoo dume kwa msasa. Alinitazama kwa juu ya miwani, kisha akautazama mlango nyuma yangu, akimsubiri mwanamume ambaye bila shaka alikuwa anakuja.

"Nani kakutuma, binti Larentu?"

"Nimejituma."

"Kisu cha nani?"

"Changu."

Aliiweka pembe chini taratibu. Akafuta mikono, akafuta miwani, akaivaa tena, pengine akitumaini nitakuwa nimebadilika.

Kwetu huku milimani mwanamume anaweza kusahau kofia nyumbani, lakini si kisu. Kisu chenyewe ni kidogo, cha kukunja, mpini wa pembe, kinalala mfukoni na leso na ufunguo. Kinakata mkate na jibini, kinatoa mwiba kwenye kwato, kinakata kamba iliyomkaba mnyama. Wanaume wakikutana hawakawii kuvitoa na kuvilinganisha. Sisi wanawake tunashika visu toka alfajiri mpaka taa izimwe, ila vyetu vinakaa kwenye droo ya jikoni, na sijawahi kumsikia mwanamke akisema kisu hiki ni changu.

Baba alikufa Oktoba, kifua. Kisu chake kilikwenda kwa kaka yangu Bustianu, kama ilivyo desturi, na Bustianu akaondoka nacho kurudi Torino kwenye kiwanda cha magari. Akaandika barua moja. Alisema hatarudi, na kondoo tufanye tunavyoona. Mimi nilikuwa nakamua na baba tangu nina miaka kumi na miwili. Nilikuwa na ishirini na nne. Nilijua ninavyoona.

Ami Predu, mdogo wa baba, naye alikuwa na anavyoona. Alikuja siku ya arobaini, akala, akamwambia mama kwa sauti ya upole kwamba wanakondoo wa mwaka huu atawatia alama yake yeye. Kwa muda tu, alisema, mpaka Bustianu apate akili arudi.

Alama yenyewe ni sikio. Sisi hatuna karatasi ya kondoo. Alama ya baba yangu, Larentu, ilikuwa mapengo mawili sikio la kushoto na mpasuo mmoja sikio la kulia, na kila mchungaji toka kwetu mpaka baharini alijua kwamba sikio la namna hiyo ni la Larentu. Alama inatoka kwa baba kwenda kwa mwana mkubwa, na wana wanaofuata wanaongeza kila mmoja mkato wake. Hakuna anayeuliza zaidi. Anayekata sikio ndiye mwenye kondoo.

Wanakondoo walikuwa arobaini na watatu. Kondoo wazee wanakufa, wadogo wanashika nafasi zao. Miaka mitano tu, na zizini kwetu kusingekuwa na sikio hata moja la baba yangu. Wote wangekuwa wa Ami Predu, na mimi na mama tungekuwa wageni wake. Ami alijua hivyo. Nami nilijua kwamba anajua. Mama yangu, Sidora, alisema tusigombane na ndugu, na akamwambia aje Jumapili.

Siku niliyokwenda kwa Boele ilikuwa Alhamisi.

Alitandika kipande cha ngozi mezani, akaweka visu vitatu. Nilimwambia anifungulie kwanza kile kirefu, na akakifungua kwa fahari ambayo hakuweza kuificha, maana kilikuwa kizuri kweli. Bapa lake lilikuwa jembamba kama jani, urefu wake kiganja na vidole viwili, na mpini wa pembe iliyong'aa kama asali. Ami Predu alikuwa na kisu kingine kama hicho, pacha wake. Alikinunua humu humu, na kila sherehe alikitoa polepole watu wakione.

Cha pili kilikuwa kipana, chenye tumbo, cha kuchunia ngozi. Cha tatu kilikuwa kidogo. Kikifungwa hakizidi kidole changu cha kati. Mpini wake ulikuwa wa pembe nyeusi isiyo na pambo, na bapa lake lilikuwa na upana wa ukucha.

"Hicho cha mwisho ndicho chako," alisema Boele. "Mke wa daktari anacho. Anakwenda nacho kuchuma uyoga."

Nikamwuliza kama uyoga una masikio.

Nikatoa kitambaa, nikakifungua mezani. Boele aliyatazama yale masikio, ya dume tuliyemchinja juzi, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza siku ile hakutazama mlango.

Nilianza na kirefu. Nilikishika kama nilivyomwona baba akishika chake, ila kila nilipotaka kugeuza kona ya pengo ilibidi kidole changu cha shahada kitambae juu ya mgongo wa bapa ili kuliongoza, na kiwiko kikainuka. Nilikata. Kazi ilifanyika, lakini nilikuwa nimeshika kisu kwa jeuri tu, na kisu kilinijua. Cha tumbo nilikirudisha bila hata kukijaribu.

Kile kidogo kilikata pengo kabla sijamaliza kufikiri. Kona mbili safi, kama mkate mkavu uliong'atwa. Nilikata la pili, kisha mpasuo, kisha nikaligeuza sikio nikakata tena, kwa sababu nilitumaini kwamba nitakosea.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Nilikuja kuchukua kisu cha kuwaziba watu midomo. Nilikuwa nimeshamwona Ami Predu akilitazama bapa langu refu na kunyamaza. Na sasa kilichonifaa ni kile ambacho mwanamume yeyote angenichagulia akiwa amefumba macho, akicheka. Nikikichukua, nimekubali. Nikikiacha, nitakwenda kukata masikio ya wanakondoo arobaini na watatu kwa chombo kibaya ili tu nisikubali.

Boele aliniona nimekwama. Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliniudhi zaidi, kwamba si aibu, mkono wa mwanamke ni mkono wa mwanamke.

"Mkono wa baba yangu ulikuwa mara mbili ya huu," nilisema. "Kisu chake kilikuwa na urefu gani?"

Alifikiri. Akachukua kile kidogo, akakifunga, akakipima kwenye kidole chake mwenyewe, akacheka kidogo bila sauti. "Hivi hivi," alisema. "Larentu hakuwa mtu wa kuonyesha."

"Basi acha kukiita cha uyoga."

Hakuahidi. Alitaka kunichorea ua dogo kwenye mpini, kama alivyomchorea mke wa daktari, nikamwambia akithubutu namrudishia. Nilimwachia jibini moja kubwa la kukomaa, nikatoka na kisu mfukoni mwa aproni. Njia nzima kiligongagonga paja langu, nami nilitembea kwa namna ya kukifanya kigonge.

Jumapili majirani walikuja mapema, kama wanavyokuja kwa kila mtu siku ya alama, maana wanakondoo hawakamatiki na mtu mmoja. Walikuwa sita. Miongoni mwao alikuwamo Tatanu, mzee wa zizi la ng'ambo, mtu wa maneno machache, ambaye mwaka juzi aliibiwa kondoo kumi na mmoja. Mama alitandaza mkate na jibini juu ya ukuta wa mawe, akasimama pale na nguo zake nyeusi, akiiangalia barabara.

Ami Predu alipofika, amevaa koti la mahameli, mimi nilikuwa nimeshaingia zizini na mwanakondoo nimembana kati ya magoti. Nilikata mapengo mawili kushoto. Mpasuo kulia. Kisha nikakata pengo moja dogo chini ya yale mawili, nikamwachia. Akakimbia akitikisa kichwa.

"Hilo la tatu ni nini?" aliuliza Ami.

"Ni alama ya mtoto wa pili wa Larentu."

"Ni ya mwana wa pili, mtoto wa kiume. Larentu hakuwa na mwana wa pili."

"Alikuwa na mimi."

Majirani walijishughulisha na kamba. Ami aliutazama mkono wangu, akaona kisu, uso wake ukafunguka. Kumbe Boele alikuwa ameshasimulia kilabuni.

"Ndicho hicho cha uyoga?" alisema, akiwageukia wenzake. "Jamani, tumekuja kutia alama au kuchuma?"

Wawili walicheka. Tatanu hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko hicho tangu Alhamisi, na bado kiliniunguza masikio. Nikamwambia Ami kwamba akitaka kuchuma uyoga aende msituni, hapa kuna kazi. Akasema kazi anaijua toka sijazaliwa, na sasa atanionyesha inavyofanywa na watu wazima.

Alitoa kisu chake. Alikifungua polepole, jua likalipiga bapa, akasubiri kidogo. Kisha akamkamata mwanakondoo wa karibu, jike mwenye doa jeusi puani, akambana kwa mkono mmoja kifuani kwenye lile koti la mahameli, huku bado anaongea nasi.

Mkato anaouongeza yeye kwenye alama ya babu ni rahisi: ncha ya sikio la kulia inaondolewa kwa mshazari. Sehemu ndogo, kama ukucha wa kidole gumba. Lakini lile bapa lilitengenezwa kwa ajili ya nyama choma na macho ya watu. Mwanakondoo alirusha kichwa, kisu kikapita, na sikio zima likaanguka kwenye matope.

Ilisikika kengele ya kondoo mmoja tu.

Mgeni angesema ni bahati mbaya. Lakini kwetu sikio zima halikatwi kwa sababu yoyote ile isipokuwa moja. Mwizi hahangaiki na alama ya mwenzake. Anaondoa sikio, na alama inaondoka nalo. Tatanu aliwapata saba kati ya kondoo wake mnadani, wote hawana masikio, na hakuweza kuthibitisha kwamba ni wake. Sasa alikuwa anatazama matope, kisha akamtazama Ami Predu, kisha matope tena.

"Kajirusha," alisema Ami. "Mmeona wote kajirusha."

Walikuwa wameona. Ilikuwa kweli tupu, na haikumsaidia.

Nilijifuta mikono. Nilijua kwamba nikipaza sauti nitakuwa msichana anayegombana na ami yake, basi. Kwa hiyo nilisema kama mtu anayeomba chumvi.

"Mchukue, Ami."

"Nimchukue nani?"

"Huyo. Mimi siwezi kulaza zizini kwangu kondoo asiye na sikio. Askari wakipita nitawaambia nini?"

Akasema niache upuuzi, kondoo ni wetu sote. Nikamwambia wenye masikio ni wangu, naye amekwisha kukata mmoja, na anayekata ndiye mwenye kondoo; hiyo si sheria yangu. Akamgeukia mama.

"Sidora, mwambie mwanao Mallena."

Mama aliondoka ukutani. Alipita katikati yetu bila haraka, akachana ukanda kwenye aproni yake, akachota majivu ya moto wa kahawa, akayabandika kwenye jeraha la mwanakondoo, akamfunga kichwa vizuri kama anavyofungwa mtoto mwenye jino bovu. Kisha akamwinua, akamweka mikononi mwa Ami Predu na kumrekebishia mikono.

"Mshike sawasawa, shemeji," alisema. "Anatoka damu, utachafua koti."

Kutoka zizini kwetu hadi kwake njia ni moja tu, inapita mbele ya kanisa, na saa ile watu walikuwa wanatoka misa. Ami Predu alisimama akatutazama mmoja mmoja, akitafuta jicho la kumwokoa. Yule aliyecheka sana mwanzoni alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Kisu kirefu kilikuwa bado wazi mkononi mwake, chini ya tumbo la mwanakondoo, na kwa mikono iliyojaa vile hakuweza hata kukikunja. Akaondoka hivyo hivyo. Tulimsikia mwanakondoo akilia mpaka kona ya daraja.

Mama alirudi kwenye mkate wake. Aliniambia, bila kunitazama, kwamba maji yanachemka na kama nitaendelea kusimama jua litatuchoma wote.

Tatanu alikuwa ameshamkamata mwanakondoo mwingine. Alipiga goti moja kwenye matope mbele yangu, mzee mzima, akakishika kichwa cha mnyama kwa mikono miwili kisitikisike.

"Kushoto mapengo matatu?" aliuliza.

"Matatu. Mawili juu, moja chini."

"Sawa," alisema, akarudia kwa sauti ili wengine wasikie, maana alama mpya ni lazima ijulikane. "Mawili juu, moja chini. Kulia mpasuo. Ya Mallena."

Walikuwa wamebaki arobaini na mmoja. Nilikata mpaka adhuhuri, mkono ukafa ganzi, damu ikakauka mpaka kwenye kiwiko, na katika wote wale sita hakuna hata mmoja aliyeniambia nimpe kisu nipumzike.