Mifuko Miwili Ubavuni

Duka la Awadh, lililoko Kisauni, lilikuwa na desturi isiyovunjwa: kabla ya Ramadhani kuandama, mwenye duka huchagua mshono mmoja wa abaya, ukashonwa kwa wingi na kungojea Idi. Awadh hakuwa mtu wa kuomba ushauri. Alilelewa na shule ya bweni ambako shuka lililotandikwa upogo lilitandikwa upya mbele ya wenzako wote, na hadi leo aliamini kwamba nguo, kama mtu, hujulikana malezi yake kwa namna inavyosimama.

Mwaka huu, hata hivyo, uchaguzi aliuacha mikononi mwa bintiye, Salsabil.

"Baba, wewe watazama wanachonunua," Salsabil alikuwa amemwambia. "Mimi natazama wanachorudisha."

Nyuma ya duka palikuwa na kapu la nguo zilizoletwa kurekebishwa, na Salsabil alikuwa amelichunguza mwaka mzima. Muuguzi mmoja aliomba mikono mipana ibanwe kwa vifungo, maana ilikuwa ikichovyeka katika dawa. Mwalimu mmoja aliyeishi mtaa wa Shika Adabu alitaka pindo lipanuliwe, apate kutanua hatua akiikimbilia feri. Samah wa Ziwa la Ng'ombe, aliyeendesha tuktuk yake mwenyewe, alitaka mifuko miwili mirefu ubavuni, kwa sababu simu ikilia kifuani mwake abiria wanaume walimkodolea macho. Hakuna hata mmoja aliyeomba shanga. Kwa hayo Salsabil aliiona abaya ya Idi kabla haijakuwapo: mikono yenye vifungo, pindo pana na mifuko miwili.

"Mifuko!" alicheka shangazi yake, Mwanarehema, ambaye hakukosa dukani siku hata moja. "Yaani mwanamke wa mji atembee mikono mfukoni kama utingo?"

"Atembee na simu yake, shangazi, na ufunguo wa nyumba aliyoipanga kwa jina lake."

"Wallahi, mtoto huyu hakosi jibu."

Awadh alikubali, na sharti alilitoa Salsabil mwenyewe: likiingia kumi la mwisho la Ramadhani na abaya hazijanunuliwa, angewaachia wakubwa uchaguzi, aende akaishike ile kazi ya ofisini aliyotafutiwa na mjomba wake huko Changamwe. Awadh alitamani duka lirithiwe na mtu anayelielewa, lakini kwake yeye neno likishatamkwa lilikuwa limetamkwa. Abaya ziliposhonwa, alizikagua mwenyewe moja baada ya nyingine, akawapa mafundi wake wa Bombolulu agizo moja dogo ambalo hakuona haja ya kumtajia mtu.

Wanawake wakaja. Waliishika nguo, wakasifu kitambaa, wakasifu vifungo, wakapitisha mkono ubavuni, kisha wakasema, "Inshallah tutarudi." Hawakurudi. Mtu wa pwani mwenye adabu hamtolei mwenye duka kasoro ya mali yake, tena amefunga. Huomba heri na kwenda zake. Salsabil aliona jinsi mikono ile ilivyopita ubavuni na kujitoa haraka, asijue maana yake, kwani ukaguzi wa nguo alimwachia babake.

Kumi la mwisho likaingia, na reli za kutundikia nguo zikiwa bado nyeusi kwa abaya. Mwanarehema aliacha hata kumtania mpwawe, na kimya hicho kilimuumiza Salsabil kuliko utani. Baada ya alasiri, alipokuwa ameanza kuzikunja abaya kuzirudisha makashani, tuktuk ilisimama mlangoni akaingia Samah.

"Shikamoo, mzee Awadh."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Samah aliteremsha abaya moja, akaivaa juu ya nguo zake, akatoa simu na kuisukuma ubavuni. Haikuingia. Akasukuma tena.

"Salsabil! Hii ndiyo nini?"

"Abee? Ni mfuko."

"Mfuko gani usiopitisha hata kidole? Wenzangu stendini waliniambia, mifuko ya duka la Awadh ni ya kuchorwa tu. Nikabisha, nikasema Salsabil hawezi kunifanyia hivyo, tena nikagombana na watu. Kumbe mjinga ni mimi!"

Salsabil aliinama, akakunjua mdomo wa mfuko. Uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, umepitishwa kwa mkono toka mwanzo hadi mwisho. Akaifunua abaya ya pili, na ya tatu. Zote zilikuwa vivyo hivyo.

"Nani aliyeziba?"

Awadh alisimama wima, kama aliyeitwa jina lake uwanjani asubuhi.

"Niliamuru mimi. Shuleni kwetu mifuko ya koti jipya ilizibwa muhula mzima wa kwanza, mvulana asizoee kutumbukiza mikono na koti lisilegee. Nilitaka nguo ikae sawa."

Mwanarehema akaangua kicheko, akajishika kwenye meza asianguke.

"Awadh, kakangu! Umewatia wanawake wa Kisauni bwenini!"

Salsabil alitaka kukasirika, lakini sasa aliielewa ile mikono iliyojitoa haraka ubavuni. Hakukosea. Waliitaka mifuko kiasi kwamba walipoikosa waliiacha nguo nzima. Alichukua wembe, akaukata uzi. Simu ya Samah ilizama upande mmoja, ufunguo wa tuktuk upande wa pili, na Samah akazunguka dukani mikono mitupu akiipunga, huku akicheka.

"Sasa naenda kuwaomba radhi wale niliogombana nao," alisema. "Nitawaleta."

Akawaleta. Kabla ya Idi reli zilibaki tupu, na Awadh ndiye aliyefumua nyuzi zote zilizosalia, miwani puani, akikagua kila mfuko mara mbili.

"Sharti nililivunja mimi kwa uzi wangu. Uchaguzi wa mwakani ni wako," alimwambia bintiye alipomaliza. "Ukaguzi pia. Mimi nitashika funguo za mlango tu."

"Alhamdulillahi," alijibu Salsabil, na kwa mara ya kwanza mwezi ule akaketi.

Siku ya pili ya Idi alikuta abaya moja kapuni. Ilikuwa ya Mwanarehema.

"Imepungua nini, shangazi?"

"Haikupungua kitu," alisema Mwanarehema, akitazama barabarani. "Nitilie mfuko mwingine tu. Wa ndani, kakangu asiuone."