Siku ya Verla Kukaa Mbele

Kwenye basi la watalii ninaloendesha, viti hukaliwa kwa zamu. Kila asubuhi abiria wanasogea safu chache mbele, na waliokuwa mbele wanarudi nyuma, huko karibu na choo. Hiyo ndiyo sheria, na wastaafu wa Kimarekani wanaitunza kuliko dawa zao za presha. Nimeona profesa mzima akinuna mpaka chakula cha mchana kwa sababu ya dirisha.

Kwa hiyo Verla Haugen alipotaka kubadilishana na abiria mwenzake Gaylord, basi zima lilitega sikio.

"Gaylord, siku ya Korongo Kuu nipe kiti chako cha mbele. Zamu zangu zote chukua. Mimi nitakaa nyuma."

"Karibu na choo, mama? Safari nzima?"

"Nimekamua ng'ombe miaka yote hiyo Wisconsin. Choo kitanifanya nini?"

Watu walicheka. Mumewe, Orrin, hakucheka. Ng'ombe hao ndio waliowafunga nyumbani, maana ng'ombe hana sikukuu. Walipouzwa, jicho la kushoto la Verla lilikuwa limeshakufa, na la kulia lilikuwa linachomwa sindano kila mwezi ili lisizime haraka. Alitaka kitu kimoja tu: alione Korongo Kuu, lile bonde kubwa la mawe, kabla jicho hilo halijazima.

Basi akaanza kulitunza lile jicho kama mtu anavyotunza mafuta ya taa. Tulipofika hifadhi ya Zion, alikaa nyuma na miwani myeusi, amefumba macho. Kwenye hifadhi ya Bryce nako, wenzake walishuka wakapiga kelele kama watoto kwa yale mawe mekundu yaliyosimama kama watu. Yeye hakushuka.

"Shuka basi, mke wangu," Orrin alimwambia. "Angalia kidogo tu."

"Nalipumzisha. Ya huku ni madogo, ya kule ndiyo makubwa."

"Jicho si betri, Verla."

"Wewe ni daktari tangu lini? Nenda ukaone kwa niaba yangu."

Nami nikachekesha, nikasema mama anafanya akiba. Watu wakacheka tena.

Asubuhi ya Korongo Kuu nilikaa nao kwenye kifungua kinywa. Verla alichukua asali akaimimina, taratibu, pembeni ya sahani. Pankeki ikabaki kavu. Orrin alipangusa meza kwa kitambaa, akamsogezea sahani nyingine.

Alikaa mbele, nyuma yangu kidogo, mgongo wima kama bibi harusi. Gaylord alipiga kelele toka kule nyuma: "Mama, unaona nini huko?"

"Naona kichwa cha Wendell. Kina upara!"

Wendell ni mimi, na nina nywele mpaka leo, nyingi tu. Watu wakaona ni utani.

Pale ukingoni Orrin alimshika mkono mpaka kwenye chuma cha kuzuia watu. Chini yetu dunia ilikuwa imepasuka, nyekundu, zambarau, na kivuli cha wingu kikitambaa juu yake. Verla aligeuza kichwa kushoto, kulia, kisha taratibu akainamisha shingo, kama mtu anayechungulia kando ya nguzo. Kila alipokaza kuangalia, nguzo hiyo, iliyokuwa ndani ya jicho lake, ilihama naye.

"Je?" Orrin akauliza. "Ndivyo ulivyowaza?"

"Kubwa kuliko hivyo." Akatabasamu. "Na mto ule pale chini! Mzuri, mume wangu."

Kidole chake kilielekea kwenye maegesho ya magari.

Orrin alikitazama kile kidole. Akakishika polepole, akakiteremsha, akakifunga kwenye kiganja chake.

"Mzuri sana," akasema. "Unameta."

Sauti yake haikutikisika hata kidogo. Lakini machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kola. Mzee yule, nilivyomjua safari ile, hata kupenga kamasi alikuwa akimpa mkewe mgongo. Sasa alisimama amemwelekea uso kwa uso, jua limempiga, akalia hivyo hivyo bila kujifuta, huku Verla anamtabasamia.

"Mbona umenyamaza?" Verla akauliza.

"Naangalia," Orrin akasema.