Waliohudhuria Wote Walikubali

Jumatatu moja ya Agosti 2009, saa nane mchana, Ngina aliingia saiba moja mjini Machakos, akakaa kwenye kompyuta namba nne na kumbloki ndugu yake Muthoka. Kwenye kundi la kijiji mtandaoni, Muthoka alikuwa ameandika tena kwamba malori yanaumaliza mchanga wa mto, kwamba mto usio na mchanga hauweki maji, na kwamba anayeyafungulia njia ni Mzee Wathome, mwenyekiti wa mwethya. Ngina ndiye aliyekuwa katibu wa mwethya huo, kikundi cha kuchimba matuta shamba kwa shamba. Malori hayo hayo ndiyo yaliyochangia mabati ya kanisa. Alikuwa amechoka kubishiwa na mtu wa tumbo moja naye. Kuchoka tu, hakuna zaidi.

Alipofika nyumbani Muthetheni, Muthoka hakuonekana. Gamubuti zake zilivuka ua, zikasimama mlangoni, zikavuliwa. Mama yao, Mbinya, alikuwa akipakua isyo, mahindi na maharagwe ya jana.

"Si umsalimie ndugu yako?"

"Nimembloki, mwaitu."

Mama akafikiri kidogo. "Na chakula atakula?"

Wakaitazama sahani ya pili. Maharagwe yalikuwa yakipungua.

"Basi ni sawa," mama akasema, akaongeza chumvi.

Alhamisi, kwenye mwethya, jembe la Muthoka lilipanda na kushuka kando yake kama kawaida. Watu walimwambia Ngina asogee, asije akakatwa mguu. Wiki hiyo Ndunda, mwenzao wa mwethya, akaandika kuwa Muthoka ana haki, Ngina akambloki. Wanza, wa mwethya huo huo, akayacheka maneno ya mwenyekiti, naye akablokiwa. Mtu akishaonja raha ya kutobishiwa, weh, haachi. Kufikia mwisho wa Septemba, kwenye matuta kulikuwa na majembe kumi na matatu yakijichimbia bila wimbo, na watu wawili wenye miili: Ngina na Mzee Wathome. Mkutano wa mwethya ulipofungwa, Ngina aliandika kitabuni: "Waliohudhuria wote walikubali malori yaendelee." Na wala hakudanganya. Kwa macho yake, ndivyo ilivyokuwa. Mzee Wathome alisifu mwandiko wake.

Katikati ya Oktoba, mama alirudi kutoka mtoni na mtungi mtupu. Alikuwa amefukua pale pale anapofukua maji tangu aolewe, akakuta mwamba. Aliutua mtungi uani, akasema, "Muthoka alisema..." Neno lililofuata Ngina hakulisikia. Alibaki akiitazama leso ya mama, ambayo ilikaa kwenye kigoda na kuanza kuchambua mbaazi.

Alimpenda mama yake, hilo lisemwe wazi. Kesho yake asubuhi alirudi Machakos, na Muli, mwenye saiba, akampekulia orodha yote ya aliowabloki mara mbili.

"Mama yako hayuko hapa. Hana hata akaunti."

"Najua. Nikimfungua Muthoka, mwaitu atarudi?"

"Hiyo siwezi jua, auntie. Lakini ukimfungua itabidi usome yenye ameandika."

Ngina akakifikiria kile kitabu cha mikutano, akamfikiria mwenyekiti, akayafikiria mabati ya kanisa. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Akasema atamfungua baada ya mkutano mkuu wa Desemba, mambo yakitulia. Muli akasema hakuna shida, akamwita mteja aliyefuata.

Njiani malori saba yalimpita, yamejaa, yakidondosha mchanga mbichi barabarani. Nyumbani aliketi, koo limemkauka, akaomba maji ya kunywa. Labda alijibiwa. Kikombe kilitoka jikoni kikielea polepole, kimo cha mkono wa mama, kikatua mbele yake. Kilikuwa robo, na tope chini. Ndiyo maji yaliyokuwa yamebaki.

"Asante, mwaitu," Ngina akasema, akayanywa yote.